Nati ya Difu

Oili ya difu iliyozeeka inanuka kama kiberiti kilichowashwa ndani ya kitunguu kilichooza. Ikikupata kwenye nguo, fua kwa sabuni ya kipande, anika, fua tena, na bado Jumapili kanisani watu watakuachia nafasi kwenye benchi. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo. Wenzangu wa Soweto West, hapa Kibera, wakikumbuka utoto wanakumbuka mandazi ya asubuhi na mvua juu ya mabati. Hayo nayakumbuka pia, lakini juu yake yote kuna ile harufu, ikitoka chini ya lori la Baba, kwenye lile boga la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambamo meno ya chuma husagana mchana kutwa ili mzigo usogee. Hilo boga ndilo difu. Kuna watu wamepanda magari maisha yao yote bila kujua lipo. Wamebarikiwa.

Lori lenyewe lilikuwa la kijani, angalau mahali ambapo rangi ilikuwa haijakata tamaa, na ndilo lililokuwa shamba letu na ng'ombe wetu hapa mjini. Baba alibebea mchanga na kokoto za watu wenye mijengo. Betri ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi, kwa hiyo aliliegesha kwenye kichochoro cha mteremko upande wa Ayany. Jioni aliingia kutoka barabarani, pua juu, matako chini. Asubuhi aliliachia liteleze kinyumenyume, akaingiza rivasi, likakohoa mara tatu, likawaka. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na likizo ile ya Agosti nilipewa kazi ya kuhesabu karai wakati vibarua wanapakua, ili mwenye mjengo asije akasema kokoto zilikuwa pungufu. Nilihesabu mara mbili, mara moja kwa mdomo na mara moja kwa vifuniko vya soda mfukoni. Mama alilalamika kwamba nahesabu hata maharagwe kwenye sahani yangu. Ni kweli nilihesabu. Kaka yangu alikuwa na mkono mrefu.

Sasa, oili ya difu hubadilishwa lini? Kitabu cha lori, kama kingekuwepo, kingesema baada ya kilomita kadhaa. Lakini mita ya kilomita ilikuwa imekufa kabla sijazaliwa, na waliokuwa wanajua siku ya kifo chake walishahama. Tulichokuwa nacho ni fundi mmoja tuliyemwita Daktari, kwa sababu alipima kila ugonjwa wa gari kwa kidole. Alitambaa chini ya lori pale pale kichochoroni, akafungua nati iliyokuwa upande wa nyuma wa difu, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa kimelowa, akamwonyesha Baba kama mtu anayeonyesha kidole chenye wino baada ya kupiga kura. "Imejaa, mzee. Difu ni kama figo. Ushaona mtu mzima anafunguliwa figo kila mwaka? Ukiona hivyo, jua anakufa." Baba alicheka, na mwaka ukapita. Akaja tena, kidole kikalowa tena, figo ikatajwa tena. Kwa hesabu yangu, figo ilitajwa mara nne, na oili haikubadilishwa hata mara moja.

Likizo ile Baba alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: kubeba kokoto wiki tatu mfululizo hadi kwenye mjengo ulio juu ya kilima, kuanzia Jumatatu. Nyumbani hatukuimba. Tulikuwa tumemwona jirani wa mlango wa tatu, ambaye lori lake lilisaga difu likiwa na mzigo. Kabla mwezi haujaisha, godoro lake lilikuwa juu ya basi la kwenda ziwani, na watoto wake wakaacha shule katikati ya muhula. Baba alituambia akiwa ameshika kikombe cha chai, bila kupaza sauti: "Hili likifa, na sisi tunarudi ushago." Nilipenda ushago, kijijini kwetu ziwani, kwa Krismasi. Kwa maisha yote sikuwa nimekubali.

Jumamosi kabla ya kazi hiyo tulipeleka mchanga Kawangware, kwenye uwanja mmoja uliomwagwa simenti, laini na tambarare kama meza ya kupigia pasi. Lori lilipoondoka mahali liliposimama niliona matone. Nikachuchumaa, nikahesabu kumi na moja. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, kumi na moja. Nikagusa moja, nikanusa. Kiberiti na kitunguu. Kilichonisumbua ni kwamba kichochoroni Ayany hapakuwa na tone hata moja, na pale ndipo lori lililala kila siku ya Mungu. Nilitembea na fumbo hilo hadi nyumbani. Nilipokuwa nampelekea Mama sufuria ya uji uliobaki, nikaiinamisha, uji ukakusanyika upande mmoja hadi mdomoni, nikasimama mlangoni nikiutazama. Ukiitazama sufuria kutoka upande ule, ungeapa imejaa. "Unatafuta nini humo, nzi?" Mama aliuliza. Nikamwambia natafuta difu. Akanipokonya sufuria.

Jumapili baada ya ibada Baba alimwita Daktari, ili nisiendelee kumsumbua na matone yangu. Kazi yangu ilikuwa kushika nati isianguke kwenye matope. Kidole kikaingia, kikatoka kimelowa. "Imejaa," Daktari alisema akiwa bado amelala chali. "Mbichi kabisa. Maliza hii kazi ya wiki tatu, halafu tuangalie." Nikasema imejaa kwa sababu lori limeinama, oili yote imekimbilia nyuma, tupimie Kawangware kwenye simenti. Daktari akatoa kichwa chini ya lori. "Mzee, siku hizi watoto wanaendesha garage?" Baba akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Leta nati." Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Pale walikuwepo wazee wawili, na neno lilikuwa linaharibika nikiliona. Nikafunga ngumi.

"Sileti."

"Nimesema leta nati."

"Badilisheni oili leo, nitaileta."

Baba akavua saa yake, taratibu, jambo ambalo kwetu lilimaanisha mvua inakaribia. Lakini Baba alikuwa na shida moja kubwa: mimi nina jina la mama yake. Tangu nizaliwe aliniita Mama, na hakuna mwana wa Kijaluo mwenye akili timamu anayempiga mama yake barabarani siku ya Jumapili, majirani wakitazama. Nami nilijua hivyo. Nilikuwa nimelihesabu hilo mara mbili kabla sijafunga ngumi.

"Mama," alisema, na sauti ikashuka, "unataka nini?"

Nilijua hapo kwamba biashara imefunguka. Muuzaji akishauliza unataka nini, ameshakubali kuuza. Nikashuka kidogo, kwa heshima: sitaki oili ibadilishwe, nataka tu twende Kawangware, kidole kiingie mara ya pili. Kikilowa, nichapwe, na likizo yote niteke maji bila kuhesabu mitungi. Daktari akacheka hadi akakohoa. Akasema sawa, lakini kwa kiburi cha mtoto yeye hatembei na tundu wazi. Akaokota gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu, akalifunga kitambaa, akaligonga kwenye tundu. "Nati yako kaa nayo, madam. Gunzi linatosha." Akadhani nitalia. Nikapanda kiti cha mbele, nikafunga mlango. Basi lori letu likavuka kutoka Kibera hadi Kawangware likiwa na gunzi la mahindi kwenye difu, wanaume wawili wakiwa wamenuna na mimi katikati, ngumi imefungwa, nati ikiniachia alama ya duara kiganjani.

Pale kwenye simenti Daktari alilala chini, akang'oa gunzi, akaingiza kidole. Akakitoa, akakiangalia, akakipangusa kwenye suruali ingawa hakukuwa na cha kupangusa, akaingiza tena. Kilikuwa kikavu hadi kwenye pete. Baba akachutama. "Vipi?" Daktari akasema anahitaji waya. Waya ukaenda chini, ukarudi umelowa ncha tu. Wakafungua nati ya chini wamwage yote kwenye karai, na difu ile, iliyotaka lita tano, ikatoa mbili, nyeusi, nzito, zikimeremeta vumbi la chuma kama rangi ya kucha. Oili ilikuwa ikivuja kwa mbele, kwenye sili, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, ambapo mti wa propela unaingia. Kichochoroni, kwa sababu pua ilikuwa juu, sili hiyo ilikaa kavu, haikudondosha kitu. Na tundu la nyuma, kwa sababu matako yalikuwa chini, lilionekana limejaa. Mteremko uleule ulitudanganya mara mbili. Miaka minne tuliuamini kwa sababu ndipo tulipokaa. Baba alichota lile vumbi kwa kidole gumba, akalisugua, akatazama upande wa kilima ambako tungeanza kupanda kesho yake na kokoto. Alinyoosha mkono tena, safari hii kiganja juu, na nikaweka nati.

Sili na oili mpya vilichukua Jumatatu nzima. Mwenye mjengo alifoka kwa siku hiyo moja iliyopotea, Baba akafokewa akiwa amesimama wima. Kisha wiki tatu zikaisha, kilima kikashindwa, na Septemba nilirudi shuleni Kibera na sare ileile. Daktari hakutaja figo tena mbele yangu. Kuhusu Baba, msije mkadhani aliniomba radhi. Alianza tu tabia ya kupeleka lori Kawangware kila mwisho wa mwezi, kabla ya saa ya chakula, na akiulizwa alisema anakwenda kupunga hewa. Mvua kubwa ikinyesha na lori likavuka maji, ambayo huweza kuingia difuni, hewa hiyo ilipungwa mapema zaidi.

Leo nina malori mawili. Mita zake zinafanya kazi, na ndani ya mlango kuna karatasi iliyoandikwa na mashine ikinieleza kilomita za kubadilisha oili, kana kwamba mashine hiyo imewahi kupanda kilima na kokoto. Karatasi naisoma. Kisha natafuta mahali tambarare, na hiyo ndiyo kazi siku hizi, maana ule uwanja wa simenti umeota ghorofa, na Kawangware yote imejengwa hadi ukingoni mwa barabara. Baba yuko kwao ziwani, kwa hiari yake, kwa nauli yake, na godoro jipya. Nikimpigia kumwambia difu iko sawa hajawahi kusema vizuri wala hongera. Huuliza tu: "Umepimia wapi?"

Mwezi uliopita kijana mmoja fundi, hodari na mwenye simu ya kioo kikubwa, alitoka chini ya lori langu lililoegeshwa kwenye mteremko, akaniinulia kidole kinachometa oili. "Madam, hii imejaa. Haiguswi." Nikamwambia alisogeze pale mbele, penye lami iliyonyooka, apime tena. Akatabasamu, lile tabasamu ninalolijua tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Akasema ana wateja wengine wanamngoja, nimpe nati afunge.

Nikamwambia sina haraka. Nati nilikuwa nimeshaitia mfukoni.