Maji ya Kibuyu

Mkatekista wa kwetu Bihambwe alitufundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padri yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji kidogo, jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi. Nilikuwa msichana. Niliyakariri kama nilivyokariri mengine yote, bila kudhani yatanihusu.

Yalinihusu katika shamba la maharagwe. Mwanangu wa kwanza, wa miezi minne, aliamka na homa, nami kwa ujinga wangu nikambeba kwenda kupalilia, nikidhani mgongo wangu utamtuliza. Alipoanza kukakamaa nilichukua kibuyu changu cha maji ya kunywa, nikammwagia kwenye paji la uso, nikayasema yale maneno. Alikufa kabla sijafika nyumbani. Mkatekista alinihakikishia kwamba amekwenda mbinguni moja kwa moja. Nililia, lakini angalau nilipata usingizi.

Mwaka uliofuata mume wangu, aliyekuwa amekuja kwetu Masisi kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu, alinipeleka kwao Itebero. Tulitembea msituni siku nyingi. Huko wote walikuwa Waprotestanti, na mume wangu akaurudia Uprotestanti wake kama mtu aliyekuta koti lake pale alipoliacha. Kwetu, baada ya misa, watu wazima walikunywa kasiksi. Huku pombe hiyo ya ndizi ilikuwa dhambi. Hilo nililimudu, kwa kunung'unika. Yesu alikuwa yule yule. Nilimuuliza mume wangu kwa nini sheria za Yesu zinabadilika njiani, akaniambia nisimchoshe.

Kisha mama mkwe akasema lazima nibatizwe upya, mtoni, mwili mzima. Mchungaji alinieleza kwa upole, hilo siwezi kulikana. Maji ya kichwani si ubatizo, alisema, na mtoto mchanga habatizwi, maana hajajua kuamini. Niliitikia kwa kichwa. Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kumenya mihogo.

Siku yenyewe niliingia mtoni pamoja na wenzangu. Maji yaliponifika kiunoni nikasimama.

"Papa Pasteri, kama maji yangu ya kwanza haikukuwa kitu, ile ya mutoto wangu ilikuwa nini?"

Alisema Mungu anawapenda watoto wote. Nikamuuliza, basi maji ni ya nini. Mkono bado alikuwa ameninyooshea. Alikuwa mtu mwema na nilimwonea huruma. Lakini kama ningekubali kuzamishwa, ningekuwa nimekiri mbele ya wote kwamba kule shambani nilimlowesha mwanangu tu. Niligeuka, nikatoka.

Mama mkwe alinipokea ukingoni, amekunja uso, akanifunga kitenge kikavu. Aliniuliza sasa mimi ni mtu wa dini gani.

"Sijue, mama. Kule mutoto wangu iko, njo kule nitaenda."