Nguzo ya Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wenye maduka wa kata ya Mawenzi mjini Moshi wakiwa wanafagia vibaraza vyao, Mektrida Shirima anashuka ngazi kuelekea mahali ambapo jua halijawahi kufika. Ana tochi kichwani, chaki mfukoni na nyundo ndogo mkononi. Ghorofa ya chini ya jengo hili la maegesho imefungwa tangu Desemba. Hewa yake ni ya baridi, na inanuka udongo uliolowa.

Anasimama mbele ya nguzo ya kwanza. Anagonga mara tatu, ananyamaza, kisha anagonga mara moja. Zege linajibu kwa mlio mkavu. Anachora alama ya chaki na kusogea kwenye nguzo ya pili.

“Zege zima linalia kwa ukali. Likianza kuachana na nondo zake huko ndani, linalia kama debe,” anaeleza mama huyu wa miaka arobaini na tisa. “Macho hayasaidii sana, kwa sababu rangi inaficha mengi.”

Kila Alhamisi hugonga nguzo zote thelathini na sita. Siku nyingine huzibua mifereji ya maji ya mvua kule juu, husugua mafuta yaliyomwagika, hubadilisha taa na kupaka upya mistari inayofutwa na matairi. Jengo likijaa hubeba magari mia moja na arobaini, na karibu wenye magari wote hao humchukulia kuwa mfagiaji tu. Naye hajawahi kuhangaika kuwasahihisha.

Akifika nguzo ya kumi na tisa anapunguza mwendo. Nguzo hii imezungukwa na vyuma vya kuishikilia, na sakafu ya pembeni yake imevunjwa na kufunikwa kwa mbao. Anagonga tatu, halafu moja. Kisha anasubiri, na kumwashiria mwandishi aliyefuatana naye asogee karibu.

Kutoka chini ya mbao, mbali kidogo, unakuja mlio. Tatu. Kimya. Moja.

“Umesikia,” anasema Mektrida. Hasemi kama mtu anayeuliza.

Kazi hii alifundishwa na mumewe, Sirili. Walitoka Rombo wakiwa vijana, na Sirili akaingia hapa kama saidia fundi wakati Mzee Ramnik, mfanyabiashara wa siku nyingi mjini, alipobomoa ghala la kahawa na kuanza kujenga maegesho. Jengo lilipokwisha mzee akamwambia abaki alitunze. Miaka kumi na moja iliyopita Mektrida naye akaajiriwa kufagia. Jioni alikuwa akimfuata mumewe kutoka nguzo hadi nguzo, akicheka namna anavyosikiliza akiwa amefumba macho.

Tatu halafu moja ulikuwa mtindo wa Sirili peke yake. Tatu za kuuliza, alikuwa akisema, na moja ya kushukuru.

Sirili alifariki miaka miwili iliyopita kwa maradhi ya figo, akazikwa kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Wiki moja baada ya mazishi Mektrida alikuwa kazini. Mshahara wa shilingi laki mbili na themanini ndio unaomsomesha binti yao Rachel katika chuo cha uuguzi, na machozi hayalipi ada. Akachukua nyundo ya mumewe, akaanza kugonga.

Mwezi Juni mwaka jana nguzo ya kumi na tisa ikaanza kumjibu kutoka chini.

Hakumwambia mtu. “Ukisema unamsikia marehemu, watu watakupeleka kwenye maombi,” anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. “Nikajipeleka mwenyewe. Nikaombewa vizuri kabisa. Alhamisi nguzo ikagonga tena.”

Anakiri kwamba aliogopa mara ya kwanza, hata nyundo ikamtoka mkononi. Baadaye hofu ikapungua na hamu ikazidi, maana mtindo ule ungekuwa wa nani mwingine? Lakini mnamo Septemba alisikia jambo lililomtisha kuliko mlio wa chini. Nguzo yenyewe ilianza kulia kama debe.

Akatoa taarifa kwa Shital, binti wa Mzee Ramnik, ambaye ndiye anayeendesha biashara siku hizi. Akaletwa mhandisi. Alimulika, akapapasa ufa mwembamba chini ya nguzo, akasema ni plasta tu iliyopasuka. Mafundi wakaziba na kupaka rangi juu yake, na alama za chaki za Mektrida zikafunikwa hapo hapo. Kila alipozichora upya, zilifutwa tena, kwa kuwa zilikuwa zinachafua nguzo.

Desemba ikawa inakaribia. Kila anayeufahamu mkoa huu anaijua Desemba yake. Wachagga walioko Dar, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kula sikukuu, na mji hukosa hata pa kuweka baiskeli. Ghorofa ya chini hubeba magari arobaini, mengi makubwa, yamejaa mizigo kutoka sakafuni hadi darini.

“Akina mama wanapanda sokoni, watoto wanaachwa garini wamelala,” anasema Mektrida. “Kila nikifumba macho nilikuwa nawaona wale watoto kwenye viti vya nyuma, na ile nguzo.”

Ndipo akafanya kosa ambalo hadi leo linamtia aibu. Alitaka alama ambayo fundi rangi hatathubutu kuigusa. Akaenda Rombo, akakata tawi dogo la sale, ule mmea wa majani marefu uliopandwa katika kila kihamba cha Mchagga, akalifunga kwenye nguzo ya kumi na tisa. Kichwani mwake alikuwa anafikiria mpaka, kwa maana sale hupandwa mpakani kumwambia mtu asipite. Akasahau kabisa kwamba sale hupandwa pia makaburini.

Dereva wa kwanza aliyeliona, mzee wa Marangu, alirudi kinyumenyume hadi barabarani bila kuzima taa. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na habari kwamba chini ya maegesho yale kuna mtu kazikwa ndani ya zege. Baada ya siku tatu, katika wiki yenye wateja wengi kuliko zote za mwaka, nusu ya ghorofa ya chini ilikuwa tupu.

Shital alimwita ofisini. Hakumpigia kelele. Alimpa hadi Jumamosi aondoe lile jani na aandike maelezo, na kama maelezo hayatoshi, atafute kazi kwingine.

Mektrida alilifungua tawi, lakini hakulitupa. Alikwenda nalo moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Ramnik. Mzee ana miaka themanini na moja, amezaliwa Moshi, na amekulia miongoni mwa Wachagga. Mektrida alimwamkia shikamoo, akapiga goti, akamnyooshea lile tawi kwa mikono miwili.

Mzee alilitazama. Alijua vizuri kwamba Mchagga akikujia na sale mkononi anaomba radhi, na kwamba anayemkatalia hubeba yeye lile kosa.

“Unaomba nini, mama?” aliuliza.

“Naomba unisamehe kwa wateja niliowafukuza,” alijibu Mektrida. “Halafu naomba ushuke ukasikilize nguzo moja.”

Alasiri ile mzee alishuka taratibu na mkongojo wake, Shital akiwa nyuma na funguo za gari mkononi. Mektrida akampa nyundo. Mzee aligonga mara moja tu, bila mpango, na nguzo ikalia kama debe masikioni mwa wote watatu. Kisha Mektrida akaichukua nyundo, akagonga tatu, na moja.

Chini ya miguu yao pakajibu.

Shital alisema labda ni bomba. Baba yake akamgeukia.

“Bomba gani? Jengo hili nimelijenga mimi. Huko chini hakuna kitu.”

Ghorofa ilifungwa kabla ya magharibi, siku sita kabla ya Krismasi.

Januari mafundi walipovunja sakafu, mita mbili chini walikuta mfongo wa zamani, mmoja wa mifereji ambayo wazee walichimba kuteremsha maji ya mlima hadi mashambani. Mji ulikuwa umeufukia na kuusahau. Maji yalikuwa yamerudi na kula udongo wote chini ya kitako cha nguzo. Shedrack, fundi mkuu wa ukarabati, anasema alipitisha mkono mzima asiguse kitu.

“Desemba ile tungezika watu,” anasema. Kuhusu mlio ana jibu lake, kwamba ni mawe yanayosukumwa na maji. Mektrida hambishii. Anachouliza ni kama mawe yanajua kuhesabu tatu, halafu kungoja.

Siku hizi Shital hafanyi ukarabati wowote bila kumwita Mektrida, na lile tawi la sale, alilopewa na baba yake, liko mezani pake ndani ya chupa ya maji. Limeanza kutoa mizizi. Mektrida ameombwa awafundishe wengine kugonga, na mpango wake ni kwamba kabla hajastaafu, kila jengo refu la mjini hapa liwe na mtu mwenye nyundo na sikio.

Kesho maji yataelekezwa kwenye bomba na shimo litajazwa zege. Alhamisi ijayo anatumaini nguzo italia kwa ukali, kama nyingine. Huko chini hapatakuwa tena na nafasi ya kugonga, na hilo analijua.

“Alinigongea mpaka nikasikilizwa,” anasema. “Namlilia bado. Lakini kazi yake imekwisha, apumzike.”

Akimaliza nguzo ya thelathini na sita, anarudi kwenye ya kumi na tisa. Anagonga tatu. Safari hii anaishusha nyundo, haongezi ya nne.

Kimya kinakaa. Kisha chini ya mbao inagongwa moja.

Mektrida anachora alama yake ya chaki, anazima tochi na kupanda ngazi.