Nywele za Mama wa Mateso

Prudencia Yapura aliuza uji kwenye kona ya soko la Potosí, ule uji mzito wa mahindi ya zambarau unaoitwa api. Waliokuja kuunywa alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya mlimani, walimjua kuwa ni mwanamke wa maneno machache. Alikuwa na kofia mbili, moja ya kazini na moja ya kanisani, na ile ya kanisani aliivaa kwa nadra mno hata haikupata kuchakaa.

Alhamisi Kuu ndiyo siku aliyoivaa mapema. Siku hiyo mji mzima hutembea. Kila mtu huzunguka makanisa saba, yale makongwe ya mawe yaliyojengwa enzi za Wahispania kwa fedha iliyochimbwa mlimani. Anapiga goti mbele ya Ekaristi, anasali, anatoka, anapanda kilima kingine. Vijana hutembea wakitazamana, wazee wakipumzika kila penye ngazi. Prudencia naye alikuwa na lake. Makanisa sita ya mwanzo aliyapita kama mtu anayelipa nauli ili afike aendako. Alilolitaka ni la saba, kanisa dogo la Mama wa Mateso juu ya mtaa wa wafua fedha, ambako sanamu ya Bikira aliyevaa nguo nyeusi ilikuwa na nywele za binti yake Prudencia.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nieves, binti yake wa pekee, alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa ya matumbo hata akawa hamtambui mtu. Prudencia akaweka nadhiri, kama walivyofanya mama wengi wa mji ule: ukiniachia mtoto, nitakupa nywele zake. Mtoto akapona. Prudencia akamsuka msuko mmoja mnene, akaufunga kwa uzi mwekundu wa sufu, akaukata, akaupeleka. Wanawake wanaomvika Bikira wakaushona pamoja na nywele za wasichana wengine zilizotolewa kabla yake. Nieves alililia nywele zake siku kadhaa, kisha zikaota nyingine, akasahau.

Alipokuwa mwanamwali wa miaka ishirini alipanda lori la vibarua kwenda kuvuna zabibu huko chini kwenye joto. Ilikuwa majira ya mvua, na lori likatumbukia mtoni. Wengine walipatikana. Nieves hakupatikana. Basi kila Novemba, majirani walipobeba mikate na maua kwenda makaburini kwa wafu wao, Prudencia hakuwa na pa kwenda. Alichobaki nacho ni Alhamisi Kuu, na zile nywele nyeusi kule juu ya altare, zimeshuka mabegani mwa Bikira hadi kiunoni.

Mwaka huo alifuatana na Fidelia, mama wa ubatizo wa Nieves. Wawili hao waliitana komadre tangu siku mtoto alipomwagiwa maji. Fidelia alikuwa mnene, miguu mibovu, mdomo mzima.

"Komadre, Yesu mwenyewe alianguka mara tatu tu," alisema akiushika ukuta. "Mimi hii ya nne inakuja."

"Limebaki moja."

"Hata kwenye lile la nne uliniambia hivyo hivyo."

Waliingia kanisa la saba jua likiwa linazama. Palinuka nta na makoti yaliyolowa. Prudencia akapiga goti mahali pake pa siku zote, karibu na nguzo, akasubiri pumzi itulie, ndipo akainua macho.

Nywele zilikuwa za rangi ya asali. Zilikuwa zimeviringishwa mawimbi na kupakwa kitu cha kung'arisha.

Fidelia aliona, lakini hakuwa amemtazama mwenzake usoni. "Hee," alinong'ona. "Mama wa Mateso ametoka saluni." Kisha akageuka, akamwona, akajifunika mdomo.

Prudencia hakumaliza sala. Aliondoka moja kwa moja hadi sakristia, Fidelia akimfuata kwa kuchechemea. Humo walimkuta Ercilia Barrientos, mkuu wa wanawake wanaomvika Bikira, mzee mrefu mwenye pini zimechomwa kifuani mwa sweta, akikunja vitambaa vya altare.

"Zile nywele za zamani ziko wapi?" Prudencia aliuliza.

"Nondo wamezila, mama. Kwenye maandamano ya mwaka jana zilikuwa zinadondoka njiani kama majani makavu. Hizi ametoa binti wa mwenye duka la vitambaa."

"Mimi nauliza za zamani."

"Ziko kapuni. Kitu kilichowekwa wakfu hakitupwi. Jumamosi zinaingia kwenye moto wa Pasaka."

"Nataka za mwanangu."

Ercilia aliendelea kukunja. "Alichopewa Bikira hakirudishwi. Leo nikikurudishia wewe, kesho watakuja wa pete na wa mikufu."

"Simnyang'anyi kitu. Yeye ameshazivua."

Ercilia akakiacha kitambaa. Alimtazama, akatazama na ile kofia isiyochakaa, na pengine alikumbuka ni nani katika mji ule hakuwa na kaburi. Akaenda kabatini, akaleta kapu, akaliweka mezani chini ya taa.

Miaka yote ile Prudencia aliziona nywele kwa mbali, mishumaa ikizipa uhai, na moyoni alikuwa na hakika kwamba shada la upande wa kushoto, lile lililojikunja kidogo chini, ndilo la Nieves. Sasa alizishika. Zilikuwa kavu, zimejaa vumbi na mayai ya wadudu, misuko mingi imeshonwa kwenye kitambaa kimoja. Aliutafuta uzi mwekundu. Hakuna, washonaji waliukata zamani. Akanusa. Vumbi. Akachukua shada moja akalilaza kiganjani, akalirudisha, akachukua jingine. Nyeusi, nene, zilizonyooka, kama za kila msichana aliyezaliwa chini ya mlima ule.

"Chukua msuko wowote tu, komadre," Fidelia alisema kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Hata zangu zimo humo," Ercilia akasema. "Nilizitoa nikiwa kigori, baba alipotoka mgodini mzima. Nami siwezi kukuonyesha ni zipi."

Prudencia akalirudisha kapuni shada la mwisho. Kule kanisani kundi jingine la mahujaji liliingia likikohoa.

"Majivu mnayapeleka wapi?" Prudencia aliuliza.

"Uani. Kuna bamba la jiwe, chini yake huzikwa vitu vitakatifu vilivyochakaa. Tangu zamani za Wahispania."

"Huzikwa."

"Ndivyo tunavyosema."

"Basi Jumamosi niachieni mimi nizitie motoni."

Ercilia alifunika kapu. "Njoo mapema," alisema. "Upepo wa jioni ni mbaya."

Jumamosi, mbele ya mlango wa kanisa, Padre alibariki moto mpya na watu wakausogelea na mishumaa yao. Kapu lilipita kutoka mikono ya Ercilia hadi ya Prudencia. Alizimimina zote mara moja. Harufu ikatanda, watu wakarudi nyuma, na mwanamume mmoja huko nyuma akauliza nani anababua kichwa cha kondoo kanisani. Wachache wakacheka. Fidelia aligeuka kumtafuta mwenye sauti, lakini Prudencia alimshika mkono.

"Mwache. Hajui."

Akiwa mdogo, Nieves aliketi chini katikati ya magoti ya mama yake kuchanwa, akilalamika kwamba anaumizwa, na kazi hiyo ilikula asubuhi nzima ya Jumapili. Moto haukuchukua hata muda wa kufungua msuko.

Majivu yenyewe yalikuwa kidogo, yamechanganyika na ya kuni. Aliyazoa kwenye kopo la bati, akayashusha mwenyewe chini ya lile bamba, Ercilia akishika taa. Ndani kengele zilianza kulia, watu wakaimba kwamba amefufuka. Fidelia akamwashia mshumaa, akamnyooshea. Prudencia aliutazama, akatikisa kichwa, akaketi juu ya jiwe.

"Utashikwa na baridi hapo, komadre."

"Tangulia ndani. Nitakaa naye kidogo."