Kliniki ya Watu wa Mchana

Patrobas Wakoli alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Everline, na niseme mapema kwamba kiwanda kilichomwajiri nakichukia mpaka leo. Kilikuwa cha blanketi, Eneo la Viwanda, na tulikuwa tukienda kwa miguu kutoka Kaloleni. Mimi nilikuwa wa zamu ya mchana. Yeye alikuwa wa usiku, mwaka wa nne bila kubadilishwa, kwa sababu nyapara alisema watu wa Bungoma wana nguvu za kukesha. Upuuzi mtupu.

Mashine zilikuwa zilezile na vumbi lilelile. Lakini sisi wa mchana tulipewa pakiti ya maziwa kila siku saa nne, ya kusafisha kifua, na tukiugua kulikuwa na kliniki ndani ya ua. Wa usiku hawakujua ladha ya maziwa hayo. Kliniki nayo ilifunguliwa saa tatu asubuhi, na wao walitoka saa moja. Chama cha wafanyakazi kilipouliza, meneja alijibu kwamba hakuna sheria inayomlazimisha kumwamsha nesi. Sheria niliyosomewa mimi ilisema mfanyakazi atibiwe. Haikusema mfanyakazi aliyeona jua.

Mwaka wa tisini na sita Patrobas akaanza kukohoa. Asubuhi moja alisubiri langoni mpaka saa tatu, akaingia kwa nesi Teresiah. Nesi akaitazama kadi yake ya saa, ile tunayoigonga kwenye mashine tukiingia na tukitoka.

"Wewe ushatoka kazi saa moja," akamwambia. "Mimi natibu mtu ako kazini. Enda utafute daktari huko nje."

Mimi ndiye niliyemfundisha ujanja. Wa usiku wengi walikuwa wakiufanya: ukiumwa, huigongi kadi asubuhi. Unajibanza ndani ya stoo nyuma ya marobota ya pamba mpaka saa tatu, na kwa kuwa kadi inasema bado uko kazini, nesi anakutibu. Kisha unagonga, unakwenda zako kulala. Teresiah hakuuliza maswali. Kwake, mgonjwa alikuwa kadi.

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri na sindano zikaanza kumtuliza. Wiki ya nne, baada ya kusimama kwenye mashine kwa saa kumi na mbili, usingizi ulimbeba mle stoo, palepale kwenye marobota. Meneja mwenyewe akamkuta saa mbili na nusu, anakoroma. Kadi ilisema yuko kazini. Akafutwa siku hiyohiyo kwa kosa la kulala kazini, na bila kazi hakuna sindano.

Chama kikapeleka kesi ofisi ya leba, kwa serikali. Nilikwenda kuwa shahidi. Kazini niliomba ruhusa ya kumzika shangazi ambaye hadi leo yuko hai na ananikopa sukari.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Aliigeuza ile kadi mara mbili, akavua miwani.

"Bwana Wakoli, zamu yako inaisha saa moja. Saa mbili na nusu ulikuwa unafanya nini stoo? Kama kazi ilikuwa imeisha, hakuna mtu anaweza kukufuta kwa kulala. Nielezee tu kwa nini kadi haikugongwa."

Mlango huo hapo, wazi! Nikamtazama Patrobas aingie. Yeye alikuwa akimtazama meneja, ambaye alikuwa amekuja na kadi zote za usiku ndani ya boksi la viatu, na alipolisikia swali hilo alianza kuzipekua. Kadi zilizogongwa saa tatu na kitu, nilijua, zilikuwa kumi na moja. Kumi na moja, na kila moja ilikuwa na mwenyewe anayekohoa.

Nikasimama. "Bwana ofisa, wacha mimi niseme. Hawa watu wa usiku—"

"Shemeji, keti," Patrobas akanikata.

"Siketi!"

"Nilikuwa nimelala kazini," akamwambia ofisa. "Andika hivyo."

"Una hakika, Bwana Wakoli?"

"Nililala."

Ofisa akaandika. Meneja akafunika boksi lake. Nilitamani kumzaba kofi shemeji yangu mbele ya serikali, heshima au hakuna heshima.

Wale kumi na mmoja hawakuja kumpa pole. Wawili wao walikuwa majirani zetu Kaloleni, na wakimwona ameketi mlangoni walipitia upande wa pili wa ukumbi wa mtaa. Mimi nilikuwa nawapungia mkono kwa makusudi ili waone aibu. Jumamosi moja nilimkuta amejishikilia kwenye fremu ya mlango, anakohoa mpaka machozi, na uvumilivu ukaniisha.

"Unawafia watu ambao hata salamu hawakupi," nikamwambia.

Alingoja kifua kitulie. "Wiki hii walitibiwa wangapi?"

"Wanne."

"Kuna aliyefukuzwa?"

"Hakuna."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji. Nilimpa. Agosti tulipompeleka Bungoma kumzika, nilikuwa bado sijamsamehe.