Majembe ya Akina Mama wa Simbo

Juzi niliona akina mama wa kanisa wakipita mtaani kwetu Gungu na majembe begani, wakiimba, nikakumbuka harufu ya udongo wa Simbo, kijiji nilichokulia.

Siku hiyo nilikuwa bado mtoto, na tulikuwa tumemzika baba jana yake. Akina mama wa ushirika wa kanisa wakaingia shambani kwetu, nguo zikinuka moshi na mawese, wakaanza kulima. Nilidhani wametunyang'anya shamba. Nikasimama mbele ya jembe la Mama Yohana, kiongozi wao.

“Hili shamba ni la baba!”

“Ndiyo maana tumekuja, mwanangu. Mvua haisubiri matanga. Sogea.”

Sikusogea. Mama yangu, aliyepaswa kukaa mkekani akiomboleza, akatoka ndani, akanipa kijembe changu, akaanza kulima mbele yao wote.

Juzi sikuuliza wanakwenda kwa nani. Nilivua viatu, nikawafuata.