Uzio Uliomjibu Mjukuu Wangu

Wapendwa, msinicheke. Niliamini mjukuu wangu kaingiwa na pepo.

Gift ana miaka minne. Nipo hapa Rooty Hill, Australia, namlea, mama yake Brigitha ni nesi. Ukimsemesha Kiswahili, anajibu Kiingereza. Kila jioni namwambia, "Kitendawili!" Yeye: "No, Bibi."

Sasa siku hiyo naanika nguo, nikamsikia anaongea. Si Kiingereza. Si Kiswahili. Maneno makavu ya kooni, kama mtu anavunja vijiti.

Kauelekea uzio wa mbao. Peke yake.

Akatega sikio. Akacheka, kama aliyejibiwa.

Beseni likanidondoka!

"Gift! Unaongea na nani?"

"My friend."

"Yuko wapi?"

Akaonyesha ubao. Mtupu!

Sikuthubutu kuchungulia. Nilimbeba mbio.

Brigitha akamrekodi, akadhani labda ni Kichina, akamsikilizisha nesi mwenzake Mchina. Naye akasema, "Sijui ni lugha gani. Kichina sicho."

Lugha isiyo ya watu ni ya nani?

Nikampigia Zakayo, mzee wa maombi. "Mama Brigitha, Jumamosi tunakuja. Huyo pepo atafungasha virago!"

Siku zote hizo nililala nimemkumbatia. Namwogopa, na namwogopea.

Jumamosi, Zakayo ndio kwanza kaanza kuomba kwa sauti, hajafungua hata chupa ya mafuta, hodi! Mama wa nyumba ya pili, macho mekundu. Brigitha akatutafsiria:

"Nimesikia mnaomba. Mniombee na mimi. Mama mkwe wangu amechanganyikiwa, anaongea lugha isiyokuwepo!"

Tukaenda, Gift nimemshika mkono. Kikongwe kakaa penye uzio, karibu na ufa. Kumwona Gift tu, akapaza sauti:

"Kitendawili!"

Na huyu wangu wa "No, Bibi" akaruka:

"Tega!"

Nikakaa kwenye majani.

Kumbe bibi ni Mqiang, wa milima ya Sichuan, China. Kiqiang chake ni cha kaskazini. Hata Waqiang wa kusini hawamwelewi. Lugha ndugu za milimani huko nazo zinafifia. Mkwewe hakijui, anakitambua kwa sauti tu; Kiswahili changu ndicho kilichomtisha. Wajukuu zake humjibu Kiingereza.

Basi yeye na Gift walikuwa wanafundishana lugha kwenye ufa.

Zakayo kanywa chai, kaondoka na mafuta yake.

Jamani, mtoto hakuikataa lugha yangu. Alitaka naye awe mwalimu. Kabla hujamsingizia pepo, chungulia uzio.

Haya, kitendawili! Nina mali: nikiigawa haipungui, nikiificha inakufa.

Mkishindwa, nipeni mji.