Bunduki Moja na Mtu wa Kunijua

Miaka ile Jumapili ya London ilikuwa imefungwa kabisa. Nilikuwa na chumba kimoja Tottenham, juu ya mahali pa kufulia nguo, na tangu Jumamosi mchana nilipotoka kwenye bohari la vifurushi nilikokuwa nikifanya kazi, hadi Jumatatu asubuhi, niliweza kupitisha muda wote bila kusema neno na mtu. Jumatatu nikimjibu msimamizi, sauti ilitoka na kutu, nikalazimika kukohoa kwanza.

Mimi ni mtu nisiyeweza kutulia. Shule niliiacha darasa la sita, Mombasa. Sikufukuzwa, ila nilitaka kujua kuna nini upande wa pili wa kila kitu. Ndivyo nilivyofika Nairobi, kisha Kampala, kisha nikapata kazi ya jikoni melini, na meli ikaniacha Uingereza. Basi Jumapili moja nikapanda treni mpaka kituo cha mwisho, kwa sababu tu sikuwahi kukiona. Nikashuka, nikatembea kando ya mashamba ya kabichi, nikasikia milio ya bunduki. Mwenye akili angegeuka. Mimi niliifuata.

Nikawakuta watu kama kumi na watano uwanjani, wamevaa makoti ya mvua na kofia bapa. Mashine ilikuwa ikirusha visahani vyeusi vya udongo angani, nao wanavipiga kwa zamu kwa bunduki za marisau. Anayepiga hupaza sauti, "Vuta!" na papo hapo mtu aliyeketi kwenye kibanda anavuta wenzo, sahani inaruka. Nilisimama kwenye ua nikitazama mpaka mmoja wao, fundi wa mabasi mwenye shingo nyekundu, akaniita nijaribu bunduki ya klabu. Nikasema "Vuta!" na sahani ikaruka. Niliikosa. Lakini katika mji ule wote hapakuwa na mahali pengine ambapo nikisema neno mtu alilifanyia kazi pale pale.

Nikawa naenda kila Jumapili. Kisha siku moja fundi wa mabasi akaniambia bila ubaya, "Rafiki, bunduki ya klabu ni ya wageni. Baada ya Pasaka uje na yako na cheti chako cha polisi, uandikwe mwanachama. Ama ndiyo basi tena."

Yeye alisema kama mtu anayenikumbusha mwavuli. Mimi usiku ule sikulala vizuri.

Nikaanza kuuliza bunduki ipi. Ni kama kuuliza watu dini ipi. Wazee walikuwa na bunduki za mitutu miwili iliyolala sambamba, ubavu kwa ubavu, na kwao hizo tu ndizo bunduki. Nyingine ni vyombo. Waliokuja kushinda vikombe walitumia zile ambazo mtutu mmoja umekaa juu ya mwingine, na waliwaona wazee kama watu wanaowasha moto kwa kupekecha vijiti. Kulikuwa na mmoja tu mwenye bunduki inayojipakia risasi yenyewe. Hakuna aliyemtukana, ila walisimama mbali naye kidogo. Bunduki inayovunjika katikati, nilielezwa, ukiitembeza imefunguka kila mtu anaona iko tupu. Ile nyingine imefunga mdomo, hujui inawaza nini.

"Wewe nunua ya Kirusi," fundi wa mabasi alinishauri. "Mtutu juu ya mtutu, bei ya maskini. Nzito kama reli, mbaya kama mama mkwe wangu, na kama yeye haifi."

Niliyemtaka anishauri hasa alikuwa mwingine. Mwaka ule Wahindi wa Uganda walikuwa wamefukuzwa, na walikuwa wakifika London wakiwa na makoti waliyogawiwa kiwanja cha ndege, mapana au mafupi. Siku moja, kwenye foleni ya posta, nikasikia nyuma yangu sauti ikigomba kwa Kiswahili cha dukani: "Simama vizuri! Hapana sukuma mimi!" Niligeuka kabla sijafikiri. Alikuwa bwana wangu wa Kampala.

Alikuwa na duka la vifaa vya michezo na bunduki za kuwindia kanga na kwale. Nilimfanyia kazi miaka mitatu, kufungua masanduku, kupaka bunduki mafuta, kufagia. Yeye aliniita Mswahili, mimi nilimwita Bwana. Sasa alikuwa anapakia biskuti kiwandani na mshahara wangu ulikuwa mkubwa kuliko wake, lakini majina tuliyaacha pale pale. Kila Jumamosi jioni nikawa nakwenda kunywa chai kwake, kwa mwanawe, mitaa minne kutoka kwangu. Nilipomwambia nataka kununua bunduki, aliweka kikombe chini.

"Wewe nataka ua nini? Hapa iko kanga?"

"Visahani, Bwana. Vya udongo."

"Sahani?" Akamtazama mkaza mwanawe, kisha mimi. "Sahani nafanya wewe makosa gani?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wiki iliyofuata tulipanda mabasi matatu hadi Woolwich, kwenye duka dogo la bunduki nyuma ya soko.

Mwenye duka, Mwingereza mwenye aproni ya kahawia, alianza kwa kutusemesha polepole na kwa sauti ya juu, kama watu viziwi. Bwana wangu, Mzee, hakungoja amalize. Alichukua bunduki ya kwanza, akaifungua, akaielekeza dirishani akachungulia ndani ya mitutu, akaifunga karibu na sikio lake akisikiliza. Akaitikisa. Akauliza swali moja kuhusu jinsi mitutu ilivyobanwa mwishoni ili marisau yasitawanyike upesi. Kuanzia hapo mwenye duka alimwita "bwana" na akaleta kiti.

Ya Kirusi aliipima mkononi, akairudisha. "Hii hapana bunduki. Hii bomba ya maji mbili."

"Lakini klabuni wanasema mtutu juu ya mtutu ndiyo ya visahani, Bwana."

"Klabu nasema! Ile nabembeleza macho. Hii," akachukua moja ya Kihispania, ya mitutu sambamba, kuukuu, mbao yake imekwaruzika, "hii nafundisha macho. Wewe iko mtu ya kubembelezwa?"

Mwenye duka, kwa kutaka kusaidia, akaleta pia moja ya kujipakia yenyewe, bei nafuu kuliko zote. Mzee aliisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikawa mbali naye juu ya kaunta. "Ya namna hii mimi naona kwa askari, njia ya Entebbe," alisema. "Inatosha." Ndiyo njia waliyopitia kwenda kupanda ndege walipofukuzwa. Akafuta kidole kile kwenye koti lake, akarudi kwenye ile ya Kihispania.

Ile ya Kihispania ikawekwa kando kwa ajili yangu mpaka nipate cheti.

Fomu niliichukua kituo cha polisi. Nilijaza yote, nikafika chini. Pale ilitakiwa saini ya mtu wa kuheshimika, mwenye wadhifa, anayenijua kwa miaka miwili au zaidi. Nilikaa nayo wiki nzima. Mwenye nyumba wangu alipokea kodi kupitia tundu la mlango. Msimamizi wangu alikuwa amebadilishwa mara tatu. Fundi wa mabasi alinijua tangu Novemba. Nilikuwa nimekaa katika mji wa mamilioni ya watu mwaka wa nne, na fomu ya karatasi moja ilikuwa imenishinda kwa swali dogo kama hilo.

Nikampelekea Mzee. Alimwambia mkaza mwanawe apanguse meza. Akapanda juu, akarudi amevaa koti la suti na miwani. Akaisoma fomu yote, hata sehemu zisizomhusu, kisha akaandika taratibu, kwa mwandiko wa kulala ambao nilikuwa nikiuona kwenye risiti za Kampala. Palipoulizwa wadhifa aliandika: Mjumbe wa Baraza la Mji. Ni kweli alikuwa, zamani za Waingereza, kabla ya uhuru. Hakuandika mji upi wala lini. Niliona, nikamshikia karatasi isiteleze. Nilitaka bunduki, na pia sikuwa na moyo wa kuusimamisha mkono ule.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale nikinywa chai wakati askari polisi alipobisha hodi. Alikuwa mpole, mnene kidogo, akaweka kofia yake magotini. Mzee aliongea naye kwa Kiingereza, kile cha mahakamani.

"Wewe ni mjumbe wa baraza la wilaya ipi, bwana?"

"La Kampala."

Askari aliandika, akasita, akakata. "Na kwa sasa unafanya kazi gani?"

Mkaza mwanawe alikuwa ameshika sinia mlangoni. Hakusogea.

"Kwa sasa," alisema Mzee, "napakia biskuti."

"Na huyu bwana unamjuaje?"

Mzee alinyoosha mgongo. "Alinifanyia kazi miaka mitatu. Kila jioni, akishafagia, nilihesabu risasi. Kila jioni, bwana. Kila sanduku. Miaka mitatu haikupungua hata moja. Ukinionyesha mtu mwingine London anayeweza kusema hivyo juu ya mtu yeyote, nitaifuta saini yangu."

Nilijua alikuwa akihesabu. Wafanyakazi wote tulijua. Alingoja tu tugeuze mgongo, na nyuma yake tulimwita majina. Nilikuwa nimemchukia kwa hilo muda mrefu, hata nikiwa melini. Sasa nilikaa pale, kikombe mkononi, nikisikia chuki ile ikitolewa mbele ya serikali kama ushahidi mwema, na sikujua niangalie wapi.

Askari alifunga daftari lake. "Nakuamini," alisema. "Naamini kabisa. Lakini lazima awe mtu mwenye wadhifa hapa. Samahani sana."

Alipoondoka, Mzee alivua miwani. "Tafuta daktari," aliniambia, amerudi kwenye Kiswahili. "Daktari najua kifua yako tu, lakini inatosha." Akapanda ngazi akishika ukuta. Chai yake ilibaki.

Daktari alitia saini bila kuinua kichwa. Aliuliza kama bado nakohoa. Sikuwahi kwenda kwake kwa kikohozi. Nilikwenda mara moja, kwa kidole kilichobanwa na mlango wa lori. Nikamwambia nimepona, ahsante.

Cheti kilipokuja nilikwenda Woolwich peke yangu. Mwenye duka aliitoa ile ya Kihispania, nikaiweka begani, nikashangaa. Siku ya kwanza kitako kilinishika kwapani kila nilipoinyanyua. Sasa kilipanda chenyewe mpaka shavuni.

"Imepunguzwa kitako," alisema mwenye duka. "Yule mzee wako alikuja Jumanne. Alisema mikono yako ni mifupi, na kwamba utakuwa umevaa sweta mbili na koti juu, kwa sababu huizoei baridi. Akanionyesha kwa kidole nikate kiasi gani. Nilidhani mmekubaliana."

Jumapili nilikwenda uwanjani. Fundi wa mabasi aliitazama akapiga mluzi. "Bunduki ya babu! Na farasi umemfunga wapi?" Lakini nilivunja visahani kumi na vinne kati ya ishirini na vitano, ambavyo kwangu vilikuwa vingi mno, na wakati wa chai jina langu likaandikwa kwenye daftari la wanachama, likikosewa. Walinipisha kwenye benchi. Wakazungumza habari za mbwa, na mvua, na barabara mpya. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nikawa natazama saa nijue treni ya kurudi.

Niliporudi nilipita moja kwa moja kwa Mzee, mfuko wa bunduki begani, kukiwa bado na mwanga. Mkaza mwanawe alifungua mlango nusu.

"Baba amelala," alisema. Jumamosi nilipokwenda kwa chai pia aliniambia amelala. Juu yetu ubao wa sakafu ulilia, mtu akihama kutoka dirishani.

"Mwambie nimekuja kumshukuru tu."

Akapanda. Nilisimama kizingitini nikisikia wakinong'ona Kigujarati. Akashuka.

"Anauliza, inapiga shavu?"

"Mwambie hapana. Haipigi kabisa."

Akapanda tena, akashuka tena, amechoka kidogo na ngazi. "Anasema vizuri." Akangoja kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo, lakini si la kupelekwa ngazini na mtu mwingine. "Na anasema ukitoka ufunge geti. Upepo nagonga-gonga, hapana lala."

Nikalifunga geti, nikalitikisa kuhakikisha limeshika.